Iliandika Inapiga

"Chukua simu, mama. Tuonyeshe siku ile ulibonyeza wapi."

Aliyesema hivyo ni wifi yake mkamwana wa nyumba ile, binti mkubwa wa familia, mwanamke mwenye duka la mapazia na sauti ya kuuzia mapazia. Alikuja Jumapili mchana, akavua viatu mlangoni, akapita moja kwa moja chumbani kumwona baba yake, kisha akarudi sebuleni macho mekundu na simu ya baba yake mkononi. Akaiweka mezani mbele ya mama yake kama karani anavyoweka karatasi ya kutiwa sahihi.

Mzee alikuwa amerudishwa kutoka hospitali jana yake. Jumamosi ya wiki iliyotangulia, saa nne asubuhi, alianguka jikoni akiwa na kikombe cha chai mkononi. Kiharusi. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mkewe. Mpaka gari la jirani likapatikana na kumfikisha hospitali, saa moja na nusu ilikuwa imekwenda. Daktari, bila kumlenga mtu, akasema maneno ambayo tangu hapo yalihamia nyumbani kwao: "Mngemleta mapema, mkono huu tungeuokoa. Na kusema pia." Sasa mzee aliyekuwa fundi saa, mpiga soga wa mtaa mzima, alibaki na neno moja, "hapana," na alilitumia kwa kila kitu, hata alipotaka maji.

Mama mkwe wa mkamwana huyo aliitazama simu. Maisha yake yote alikuwa ameshonea watu nguo, na vidole vyake havikuwa vya kutetemeka, lakini siku hiyo alivificha mapajani.

"Nilibonyeza hapo pekundu," akasema.

"Usiseme. Fanya."

"Dada, haina haja," akaingilia mwanawe wa kiume, fundi umeme, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na wazazi.

"Ina haja. Aliyelala mle ndani ni baba yangu kama alivyo baba yako."

Mama mkwe akabonyeza kitufe cha ubavuni. Simu ikawaka, imefungwa, inadai namba ya siri ambayo mwenyewe tu ndiye aliyeijua. Chini ya kioo palikuwa na duara jekundu limeandikwa Dharura. Akaliwekea kidole gumba, taratibu, bila kubahatisha. Duara likageuka kijani, na maneno yakatokea: Inapiga. Zikapita sekunde tatu, nne, ndipo wifi alipoipokonya simu na kuikata.

"Basi, basi! Utawasumbua watu wa dharura bure." Akawageukia wengine. "Mmeona? Leo ameweza. Ametulia, ameweza. Siku ile alibabaika."

"Sikubabaika."

"Mama, mtu akibabaika hajijui."

"Nilibonyeza mara sita. Iliandika inapiga, nikasubiri. Ikakatika, nikabonyeza tena, ikaandika inapiga, nikasubiri."

"Ukasubiri nini? Mtu anakata roho mbele yako, wewe umekaa unasubiri?"

"Iliandika inapiga," mama mkwe akarudia, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye na yeye ameanza kujitilia shaka.

Hakuna aliyegundua kwamba mkamwana wa nyumba, mke wa fundi umeme, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, hakuwa amepiga hatua tangu simu iwake. Huyu ndiye aliyeileta simu ile nyumbani. Kazi yake ilikuwa kupima simu kwenye kampuni inayozitengeneza, na masikio yake yalikuwa yamezoea: maneno yakishatokea, lazima usikike mlio mmoja mfupi, tuu, simu inaposhika mnara. Alihesabu sekunde zile bila kukusudia. Kioo kilisema inapiga, na simu ilikuwa kimya kabisa.

Akaliweka sinia mezani. Chai ilikuwa imemwagika kwenye visosi vyote.

"Mimi nimeshaamua," wifi akasema. "Jumamosi nakuja na gari, namchukua baba kwangu. Hawezi kuachwa na mama peke yake mchana kutwa, nyinyi mko kazini. Mama abaki hapa apumzike."

"Miaka arobaini na moja sijalala nyumba tofauti na baba yako," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, na umeona kilichotokea."

Mama mkwe akasema neno lililomfanya mkamwana atamani sakafu ipasuke aingie.

"Mchukueni. Mimi nitakuja kumuua."

Jumatatu mkamwana, mpimaji wa simu, aliingia kazini mapema kuliko wafagiaji. Juu ya geti kulikuwa na bango jipya, urefu wa basi: SIMU YETU, MFUMO WETU. Zilibaki siku kumi na sita simu izinduliwe.

Bango lile halikuwa la majigambo matupu. Kwa miaka kumi na miwili kampuni ilikuwa inaunda maganda tu. Kioo chao, betri yao, boksi lao zuri, lakini kile kinachoiamsha simu, kinachopiga na kupokea, kinachotunza picha na majina, yaani mfumo wenyewe, ulikuwa mali ya watu wa mbali, na watu hao walikuwa wakibadilisha masharti kila wanapoamka vibaya. Miaka miwili nyuma wakabadilisha tena, wakubwa wakasema imetosha, tutajenga wetu. Watu walicheka. Hata wafanyakazi wenyewe walicheka, ila kwa chini chini. Lakini siku simu ya kwanza ilipowaka kwa mfumo wao wenyewe, mpimaji alikimbilia chooni akalia, akanawa, akarudi mezani kama aliyetoka kupiga chafya. Kila mfanyakazi akapewa simu mbili za kutumiwa nyumbani. "Wapeni wazee wenu," waliambiwa, "maana mzee akiweza kuitumia, kila mtu ataweza." Yeye moja alimpa baba mkwe. Na ni yeye, kwa mdomo wake, aliyemfundisha mama mkwe: ukipata shida, hata kama simu imefungwa, bonyeza hapa pekundu, usihangaike na kingine.

Kazi ya upimaji ilikwenda kwa orodha. Orodha ilikuwa na mistari mia sita na arobaini, na kila toleo jipya la mfumo likitoka, mistari yote ilipaswa kupimwa upya na kutiwa tiki. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili ulisema: Simu ikiwa imefungwa, bonyeza Dharura, simu ipige na ipokelewe.

Mstari huo ulikuwa na kisa chake. Mwanzoni waliupima mezani tu, wakipiga namba ya dharura yenyewe, mara thelathini kwa siku, mpaka wenye namba yao wakaja na barua na ofisa wa sura ya kazi. Tangu hapo ukawa unapimwa ndani ya chumba cha chuma, kisichoingiza wala kutoa mawimbi, chenye mnara wa bandia wa kimo cha jokofu na kompyuta ya kuonyesha kama simu imepokelewa. Chumba kilikuwa kimoja na timu zilikuwa nne, na foleni yake watu waliifananisha na ya maji. Ndipo ikazaliwa tabia waliyoiita kurithi tiki. Kama mstari ulifaulu toleo lililopita, na hujasikia kwamba mtu ameigusa sehemu hiyo, unachukua tiki ya zamani unaihamishia kwenye toleo jipya. Kila mtu alirithi. Mgeni akiajiriwa, kabla hajaonyeshwa choo kilipo, alishafundishwa kurithi.

Wiki tano nyuma, siku ya Ijumaa, yeye alibakiwa na mstari huo mmoja. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwa watu wa antena tangu Jumatano. Mkuu wa upimaji, waliyembandika jina la Bwana Tarehe kwa sababu hakuwa na salamu nyingine ila kukumbusha tarehe ya mwisho, alisimama nyuma ya kiti chake.

"Imebaki mingapi?"

"Mmoja."

"Umeguswa?"

"Sijasikia."

"Basi rithi, tufunge."

Akarithi. Hakuuliza. Angeuliza angeambiwa kwamba wiki ile ile wachoraji wa vitufe walikuwa wamelikuza lile duara jekundu, ili vidole vya wazee vilipate kwa urahisi.

Sasa alikuwa na ufunguo mkononi, saa moja asubuhi, hakuna foleni. Akaingia, akafunga mlango mzito, akawasha mnara. Akaiacha simu imefungwa, akabonyeza. Kioo kikaandika Inapiga. Kompyuta ya mnara ikabaki tupu. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara sita, kama mama mkwe, kisha ya saba kwa ubishi tu. Tupu. Akafungua simu kwa namba ya siri, akapiga namba ile ile, na hapo hapo kompyuta ikaandika Imepokelewa. Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Wachoraji walilikuza duara, wakalipa rangi, wakaliwekea maneno, lakini simu ikiwa imefungwa duara halikuunganishwa na chochote.

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa chuma. Akamwona mama mkwe amepiga magoti jikoni, mumewe chini, chai imemwagika, simu sikioni, anasubiri kwa heshima zote kwa sababu kioo kimemwambia asubiri. Akasikia haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Bwana Tarehe alisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa mtu mbaya. Alipoambiwa kuhusu mzee alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Pole sana. Pole kwa mzee."

"Asante."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mume wako?"

"Bado."

Akaivaa miwani. "Sikiliza. Wachoraji nawaita sasa hivi. Kesho wameshaunganisha, keshokutwa unapima, Alhamisi sasisho linakwenda kwenye simu zote zilizo majumbani. Simu elfu tatu. Tutaliita maboresho madogo. Hakuna mtu mwingine atakayeumia. Unanielewa? Hili tunalimaliza."

"Na leo? Na kesho? Mzee wa mtu akianguka leo?"

Bwana Tarehe akachukua simu ya mezani, na mbele yake akaagiza ujumbe utumwe kwa wafanyakazi wote kwamba hadi Alhamisi kitufe cha dharura kipo kwenye matengenezo, mtu apige kwa kufungua simu. Akaweka mkono wa simu chini. "Haya. Umeridhika?"

"Na mstari wenyewe?"

"Mstari utaandikwa kwamba kasoro imegunduliwa leo. Ni kweli, imegunduliwa leo. Na aliyeigundua ni wewe, hata sifa utapata."

"Niliutia tiki bila kupima."

"Uliurithi. Kwa ruhusa yangu. Ukisema wewe, nasema na mimi, na wakianza kuchimbua tiki za urithi hakuna mtu atakayebaki kwenye hii ghorofa." Akashusha sauti. "Na ule mkataba wa siri unaukumbuka. Kasoro ya mfumo haitamkwi nje ya geti mpaka simu izinduliwe. Hata nyumbani. Hasa nyumbani, kwa jinsi mambo yalivyo kwako. Mama, una kazi nzuri. Usiichezee."

Hapo ndipo lilipomkalia vibaya. Angepuuzwa angepiga kelele, na kelele zingemsaidia. Lakini kila alilodai alipewa. Simu zingetengenezwa, watu wangeonywa, kazi ingebaki. Kilichobaki bila dawa kilikuwa kitu kimoja, kikongwe mmoja wa kike, nyumbani kwake, aliyeamini kwamba amempoozesha mumewe kwa ujinga wake.

Alimwambia mumewe Jumanne jioni, wakiwa juu ya paa wanaanua nguo, mahali pekee pa nyumba ile ambapo mtu hakusikika. Fundi umeme alishika shuka la baba yake, hakulikunja.

"Unamaanisha mama alibonyeza sawasawa."

"Alibonyeza sawasawa. Mara zote sita."

"Na wewe ndiye uliyesema simu ni nzima."

"Ndiyo."

Akatembea hadi ukingoni mwa paa, akarudi. Alikuwa na hasira, na mkewe aliiona ikitafuta pa kushukia, ikapakosa.

"Ukisema, wanakufukuza?"

"Sijui. Nadhani."

"Mimi tangu mwezi uliopita nimepata kazi mbili. Kufunga taa za duka, na ile soketi ya kanisani ambayo hata hawajanilipa. Baba anatakiwa anyooshwe viungo na mtaalamu kila siku, miezi mitatu. Nani atalipa? Dada?"

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Mimi sijasema unyamaze."

"Umesema nini?"

Akalikunja shuka, mara mbili, vibaya. "Simu si itatengenezwa? Mama ni mtu mzima. Atalia, atasahau. Baba atakaa kwa dada mwezi mmoja, miwili, atarudi." Alipoona mkewe anamtazama akageuza uso. "Usinitazame hivyo. Yule ni mama yangu, si wako. Unadhani mimi haliniumi?"

Alhamisi sasisho likaingia. Simu ya mzee, pale kwenye rafu karibu na dawa, iliwaka, ikajizima, ikawaka tena, ikaandika: Maboresho madogo yamekamilika. Mkamwana alikuwa peke yake sebuleni. Alielewa vizuri sana maana yake. Kuanzia dakika ile simu ilikuwa inapiga kweli, na hata mtu angeipeleka kwa fundi, kwa polisi, kwa nani, angeambiwa ni nzima. Ushahidi pekee uliobaki duniani ulikuwa kichwani mwake, na kwenye kumbukumbu ya mama mkwe ambayo watu wote, mwenyewe akiwemo, walikwisha kuidharau.

Chumbani mama mkwe alikuwa anapanga nguo za mumewe kwenye sanduku la safari. Alizikunja kifundi, mshono kwa mshono. Mzee alimtazama kutoka kitandani. "Hapana," akasema. "Hapana. Hapana."

"Najua, baba," mkewe akamjibu. "Ni kwa faida yako."

Ijumaa alasiri, ofisi imeanza kupwaya, mpimaji alifungua orodha ya wiki tano nyuma. Orodha iliyofungwa haifutiki, lakini kila mstari una nafasi ya maelezo pembeni, na maelezo yakishaandikwa yanabeba jina na saa, yanasomwa na idara zote mpaka juu. Akashuka hadi mia mbili na kumi na mbili. Akaandika: Mstari huu haukupimwa. Nilirithi tiki. Jumamosi iliyofuata baada ya simu kwenda majumbani, nyumbani kwangu, kitufe kilibonyezwa mara sita kwa ajili ya mgonjwa wa kiharusi na simu haikwenda. Aliyebonyeza hakukosea.

Alisoma mara moja. Akafuta maneno "Jumamosi iliyofuata baada ya simu kwenda majumbani" kwa sababu hayakuwa sahihi, simu zilikuwa na wiki tatu majumbani tayari. Akaandika tarehe yenyewe. Akahifadhi. Hakumtaja Bwana Tarehe. Kisha akachukua mkoba wake na kushuka kwa ngazi, maana lifti ilikuwa imejaa watu wanaocheka.

Wifi alifika Jumamosi saa tatu, na gari la kukodi lenye kiti cha nyuma kilichokunjwa kumpisha mgonjwa. Dereva alibaki nje injini ikinguruma. Sanduku lilikuwa mlangoni. Fundi umeme alikuwa ameinama anamvalisha baba yake soksi.

"Tusichelewe," wifi akasema. "Mama, dawa ziko wapi?"

"Mwambie dereva azime gari," mkamwana akasema.

"Nini?"

"Wifi, mwambie azime gari, uje ukae. Kuna neno nataka kusema, na nataka kulisema mbele yenu wote."

Fundi umeme aliinua kichwa. Hakumzuia. Akaendelea kuushika mguu wa baba yake kwa mikono miwili.

Aliongea akiwa amesimama. Hakuzunguka. Alisema kuna orodha, na kwenye orodha kuna mstari wa kitufe kile chekundu, na kazi ya kuupima ilikuwa yake, na hakuupima, akaandika umepimwa. Alisema kitufe kilikuwa kibovu. Akasema mtu yeyote, daktari, mwalimu, hata yeye mwenyewe, angebonyeza siku ile, kingeandika inapiga na kisingepiga.

"Mama hakubabaika," akamalizia. "Alifanya kila kitu sawasawa. Aliyekosea ni mimi."

Nje injini ikazimika. Dereva alikuwa amechoka kuchoma mafuta.

Wa kwanza kulipuka alikuwa wifi, na hilo halikumshangaza mtu. Alisema ataipeleka kampuni mahakamani, atawaanika, atahakikisha bango lao linashushwa. Alisema wewe muuaji, unakula na sisi sahani moja. Alisema mengi, na katikati ya kusema macho yake yakagongana na ya mama yake, na maneno yakamkauka. Siku sita nyuma alikuwa amemwekea mwanamke huyu simu mezani kama mshtakiwa. Akakaa chini kwenye sanduku la baba yake, akajifunika uso kwa mtandio.

Mama mkwe alisimama, akaenda hadi mbele ya mkamwana wake, karibu, na kwa ufupi wake ilibidi ainue uso.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatatu, mama."

"Jumatatu." Akahesabu kwa vidole, waziwazi, hakuona haya. "Jumatatu jioni ulinikuta bafuni nalia. Ukaniletea taulo."

"Ndiyo, mama."

"Jumatano nilimwomba Mungu anichukue mimi amwache yeye. Ulikuwa unaosha vyombo, ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Jana nimemaliza kukunja nguo zake. Ukanisaidia kufunga sanduku. Lilikuwa halifungi, ukalikalia."

Mkamwana alikuwa analia sasa, hakuficha. "Ndiyo."

"Kosa la kazini sina neno nalo. Mimi pia nimewahi kumkata mtu kitambaa cha harusi vibaya. Lakini siku tano umeniangalia usoni nakufa, ukaninyamazia." Akainua kidole gumba. "Nilibonyeza. Jamani, mimi nilibonyeza!"

Akarudi kitandani kwa mumewe, akamvua soksi alizovalishwa na mwanawe. "Baba yenu haendi popote," akasema bila kugeuka. "Mlipeni dereva, aondoke."

"Mama, nisamehe," mkamwana akasema.

"Sijakusamehe. Kesho uniulize tena."

Kazini mkamwana aliitwa Jumatatu, akarudisha kitambulisho na simu zote mbili, akapewa barua ya kufukuzwa ya aya mbili. Bwana Tarehe alihamishiwa ghala la boksi. Walipokutana kwenye ngazi alimpisha, hakumsalimu, wala hakumtukana. Simu ilizinduliwa siku yake ile ile, kwa muziki na hotuba, lakini kabla ya hapo mistari yote mia sita na arobaini ilipimwa upya kwa wiki nzima, usiku na mchana, na watu waliolala chini ya meza zao walimlaani kwa jina. Wifi aliandika barua tatu kwa kampuni. Aliahidiwa kujibiwa.

Pesa ya mtaalamu wa viungo ilitosha siku nne. Baada ya hapo walijifundisha wenyewe kwa kumtazama alivyokuwa akifanya: fundi umeme mabega, kabla hajatoka kutafuta kazi, na wanawake wawili miguu na mkono.

Kila asubuhi mkamwana aliuliza, na kila asubuhi alijibiwa neno moja. Hakuacha kuuliza. Siku ya kumi na tisa waliketi kila mmoja upande wake wa kitanda, goti la mzee likiwa kati yao, linakunjwa na kunyooshwa.

"Mama, umenisamehe?"

Mama mkwe alimfuta mumewe jasho shingoni kwanza.

"Bado," akasema. "Inua kisigino, kinaburuzika. Hivyo. Sasa njoo huku kwangu, mkono wako una nguvu kuliko wangu."